Siku moja Hong Kong na mama: mlimani twende asubuhi au jioni?

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Naomba ushauri kwa mliowahi kutembea Hong Kong.

Mwezi ujao napita huko na mama, tukiwa njiani kwenda Guangzhou kufuata mzigo. Tutalala Tsim Sha Tsui, upande wa Kowloon, na tuna siku moja tu ya kuzunguka. Mama ana miaka 66 na goti linamsumbua. Ngazi anazichukia kuliko deni.

Nimepanga tuvuke bandari kwa Star Ferry hadi Central (mama ni mtu wa Kigamboni, pantoni haimtishi), tupande treni ya kebo hadi Victoria Peak, kisha turudi ng'ambo kabla ya saa 2 usiku kutazama taa za maghorofa zikicheza juu ya maji.

Nimeangalia video mpaka bando limekata, kila mtu na lake. Mmoja anasema nenda asubuhi ukwepe foleni, mwingine anasema usipoliona jiji likiwaka taa ukiwa kule juu, umepoteza nauli. Basi namba 15 nalo linapanda huko, ila barabara ina kona nyingi na mama kwenye kona hutapika.

Kwa mtu wa goti, mnashauri tupande asubuhi au jioni? Na kutoka gati la Central hadi kituo cha treni, ataweza kwenda kwa miguu polepole au nichukue teksi tu?

Natanguliza shukrani.