Eti "kapime macho"! Yule jamaa wa picha Kariakoo leo kanimaliza

Wakuu, salamu baadaye. Natoka kwa yule jamaa wa picha Kariakoo. Simtaji, mnamjua wote, yule mwenye kiti cha kuzunguka na dharau.

Nimempa picha ya marehemu bibi, nyeusi na nyeupe, anikuzie ya kutundika siku ya arobaini. Chini ya taa zake bibi yuko safi, kijivu kizuri. Natoka juani, bibi kijani kama mchicha! Shavu kijani, mvi kijani, kanga kijani! Narudi, namwonesha. Anazungusha kiti, mbele ya wateja: "Dada, kapime macho."

KAPIME MACHO! Bibi ageuke rangi, mgonjwa niwe mimi!

Nikagusa penye nywele, weusi wote ukahamia kidoleni. Nikamwonyesha kidole. Akasema nini? Kapime macho. Kidole nacho kina mtoto wa jicho?

Mzee wa Kupinga: Bibi alikuwa Yanga, muacheni apumzike.

Fundi Rangi: Kachapa kwa wino wa rangi. Samawati, majenta na njano vinachanganywa kutoa kijivu. Mwanga ukibadilika, mchanganyiko unaumbuka. Kazi hiyo inataka printa yenye wino wa kijivu. Kampuni ya Epson walipotoa wino wao wa K3 mwaka 2005 waliweka nyeusi tatu, kali moja na hafifu mbili. Na huo wa kidoleni ni weusi wa karatasi isiyong'aa, kaumwaga kwenye ya kung'aa. Haushiki ng'o.

Mleta uzi: Asante mkuu, ila yeye hayo hakusema. Kasema kapime macho. Mbele za watu!

Binti Tandale: Ulipima lakini? 😂

Kaka Mkubwa: Fundi, printa yangu ya tangi, nyeusi inatoka zambarau.

Fundi Rangi: Umeweka wino gani?

Kaka Mkubwa: Wa chupa, haujaandikwa kitu.

Fundi Rangi: Basi usiniulize mimi, muulize aliyekuuzia.

Suti Fupi: Afadhali nyie wino. Yule fundi cherehani wa Magomeni, mnamjua, kanishonea suti ya harusi, mkono mmoja unaishia kwenye kiwiko. Eti "simama vizuri."

Mzee wa Kupinga: Huyo huyo! Kitambaa changu kilichobaki kamshonea mwanawe kaptula!

Mleta uzi: Jamani, bibi yangu…

Binti Tandale: Dada subiri kidogo. Mzee, ulimpelekea mita ngapi?