Naomba ushauri: namwelezaje mtoto wa miaka 6 jinsi volkano inavyolipuka?

Habari zenu wakuu. Tangu mwanangu aone video ya mlima ukitema moto, hanipumzishi kwa maswali.

Nilimpa mfano wa chupa ya soda: ukiitikisa kisha ukaifungua, gesi inachomoka na kubeba soda yote. Akaniuliza, "Sasa mlima nani anautikisa?" Nikaishiwa maneno.

Ninavyoelewa mimi, hakuna wa kuutikisa. Magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ni nyepesi kuliko miamba inayoizunguka, ndiyo maana hupanda. Ikiwa bado chini sana, mgandamizo huizuia gesi iliyomo isijitenge. Ikikaribia juu mgandamizo hupungua, mapovu hutokea na kutanuka, kisha vyote husukumana nje. Magma ya majimaji huachia gesi kirahisi na lava, yaani magma iliyotoka nje, hutiririka, kama mlima Nyiragongo wa Kongo (DRC) mwaka 2002. Ikinata kama gundi, gesi hunaswa mpaka mlima upasuke, kama mlima Pinatubo wa Ufilipino mwaka 1991. Lakini neno "mgandamizo" kwa mtoto huyu nalitafsiri vipi?

Jambo jingine, sasa anaogopa kukanyaga chini! Anaamini chini yetu ni bahari ya moto. Nimemwambia sehemu kubwa ya huko ni mwamba mgumu, ingawa una joto kali, hasikii.

Wengi huigiza volkano kwa kuchanganya siki na magadi. Povu linapendeza, sikatai, ila pale gesi inatengenezwa na kemikali mbili kukutana, si mgandamizo kupungua. Je, nitampotosha? Walimu na wazazi, nyie mlitumia mfano gani?