Naomba ushauri: nina miaka 38, nataka kuanza jiu-jitsu ya Kibrazili (mchezo wa kupambana kwa kukabana chini kwenye mkeka)

Wakuu, habari zenu. Nipo Dar, kazi yangu ni ya kukaa, na goti la kushoto linasumbua. Nimepata klabu mbili. Ya kwanza mwalimu ana mkanda mweusi, ila mgeni anapambanishwa siku ileile na vijana wenye nguvu, na ada wanataka ya miezi sita kwa mkupuo. Ya pili mwalimu ana mkanda wa zambarau, ambao uko chini ya mweusi, lakini wanaoanza wana darasa lao, mikeka inasafishwa, na ukigonga mkeka kuonyesha umesalimu amri, mwenzio anaachia papo hapo. Roho inavutwa na hii ya pili. Mkanda mweusi hautaniponya goti. Ila zambarau inatosha kunijengea msingi? Na gi (vazi rasmi la mazoezi) ninunue sasa, au nianze na fulana na bukta? Wa "nenda kacheze bao" nawajua, leo mnipishe.