MREJESHO: Makala moja, watafiti watano, kila mtu mji wake

Habari zenu wakuu. Miezi minne iliyopita niliomba msaada hapa: tuko watano, tunaandika makala moja kwa kutumiana mafaili WhatsApp, hadi hatujui nakala ipi ni ya mwisho. Asanteni sana kwa majibu yenu, nimerudi kama nilivyoahidi.

Tulihamia Google Docs, na hapo ndipo tulipookoka. Yule aliyesisitiza tuhariri kwa mapendekezo badala ya kufuta maneno ya mwenzako, Mungu ambariki. Ugomvi uliisha wiki ileile, maana kila pendekezo lina jina la aliyeliandika, na historia ya matoleo inaturudisha nyuma tukikosea.

Zotero, programu ya kutunza na kupanga marejeo, nayo tumeipenda, hatuchapi tena marejeo kwa mkono. Ila tulijaza PDF bila kufikiri: nafasi ya bure ni MB 300, na mafaili ya kikundi huhesabiwa kwa mwenye kikundi, yaani mimi. Sasa Zotero inabeba taarifa za marejeo tu, PDF ziko kwenye folda ya pamoja.

Kilichoshindikana ni kusambaza dodoso kwenye makundi ya mitandao ya kijamii. Waliojibu ni wachache, karibu wote wanafunzi wa chuo, hivyo sampuli imeegemea upande mmoja. Iliniuma, lakini tumeliandika wazi kwenye mapungufu ya utafiti na kuongeza mahojiano ya simu.

Makala tumeituma kwa jarida wiki iliyopita, tunasubiri wahakiki.