Antibayotiki ya seftriaksoni haimshushii mama homa, na sasa wanataka damu ya kuotesha

Dada wa Arua: Habari zenu. Mama alilazwa kwa mguu uliovunjika, hakuwa na homa. Baadaye akaanza kutetemeka, joto likafika 39. Pale kanula (kimrija cha kupitishia dawa mshipani) ilipo pamevimba, pekundu, panatoa usaha. Anachomwa seftriaksoni, nafuu hakuna. Daktari anataka damu ioteshwe maabara ya nje, ionekane ni bakteria gani na dawa gani inawaua, nilipie mwenyewe. Ni lazima?

Nesi, Mbarara: Pole sana dada. Lipa, tena leo. Kanula hiyo itolewe sasa hivi! Damu ichukuliwe kabla dawa haijabadilishwa, mikono yote miwili ikiwezekana. Bakteria wengi wa wodini aina ya Klebsiella wana kimeng'enya kinachoivunja seftriaksoni, hata dozi iongezwe. Bila majibu daktari anabahatisha, na meropenemu, antibayotiki yenye nguvu zaidi, ni ghali.

Baba Lira: Inaniuma. Maduka mengi huku yanauza antibayotiki bila cheti cha daktari, ndiyo bakteria wanazizoea. Inakadiriwa usugu wa bakteria kwa dawa uliua watu milioni 1.27 duniani mwaka 2019.

Dada wa Arua: Kanula imetoka. Majibu lini?

Nesi, Mbarara: Mara nyingi siku mbili tatu. Matibabu yasisubiri lakini, damu ikishachukuliwa daktari abadilishe dawa. Na anayemgusa mama anawe mikono kwanza, hata wewe.