Bandeji ya fedha ya nano: mnailowesha na maji gani?

Pansema_Himbi (Goma)
Wandugu, jambo. Mkono wa mgonjwa umeungua na maji moto. Bandeji ya nano-fedha (yenye chembe ndogo mno za madini ya fedha) imeloweshwa kwa seramu ya chumvi 0.9%, sawa na kompresi (shashi) ya kawaida. Siku ya pili imekauka, imenata, na kidonda kinatoa maji ya kijani. Bandeji ni mbovu? Na ile ngozi ya maabara, ya kufunika kidonda, haiwezi kufupisha kazi?

Mfamasia_Kadutu (Bukavu)
Bandeji ni nzima, seramu ndiyo imeiua. Fedha ikilowa hutoa ayoni (chembe zenye chaji ya umeme), na ayoni ndizo zinazoua vijidudu. Seramu ina kloridi: zikikutana zinageuka kloridi ya fedha, ungaunga usioyeyuka, na dawa inaishia humo humo kwenye kitambaa. Chukua maji ya kuchanganyia sindano, ampuli za 10 ml. Soma maandishi kwanza, maana ampuli ya seramu na ya maji ni mapacha! Lowesha, acha ichuruzike, laza upande ule mtengenezaji aliosema, kisha kompresi yenye unyevu juu. Vaselini hapana, mafuta yanazuia maji kufika kwenye fedha. Iliyonata usiing'oe kavu, utaondoka na ngozi changa.

Pansema_Himbi
Asante dada. Kubadilisha kila siku, kama ile krimu ya kuungua, sulfadiazini ya fedha?

Mfamasia_Kadutu
Hapana. Kuna za siku 3 na za siku 7, angalia pakiti. Lakini yenye ukijani itoe leo.

Kisu_Lushi (Lubumbashi)
Ukijani huo unanuka Pseudomonas, bakteria wa vidonda. Fedha haipenyi nyama iliyokufa, kwa hiyo osha na toa utando kwanza. Homa ikipanda au wekundu ukitambaa, mpeleke hospitali.

Ngozi ya maabara haifupishi kitu. Ni kiunzi cha kolajeni (protini ya ngozi) chenye tabaka la silikoni juu, na hakina mishipa ya damu. Kinangoja ya mgonjwa iingie, wiki 2 hadi 3. Kinaanza chekundu, kikishika kinakuwa rangi ya pichi. Ndipo unabandua silikoni ya juu na kupandikiza ngozi nyembamba yake mwenyewe. Damu ikikusanyika chini, au usaha, kinaelea na kufa. Viunzi vya nyuzi za nano, yaani nyembamba mno, navyo vina tatizo lake: nyuzi zikisongamana sana, seli zinabaki juu juu, haziingii.

Huo mkono, funga kila kidole peke yake. Vikifungwa pamoja vitaungana.