Mjadala: Kipimo cha saratani ya mlango wa kizazi kiwe lazima kwenye kila bima?

MamaNuru: Wadau, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipita Bungeni 2023 na inataka kila mkazi awe na bima. Mimi naulizia kitita, yaani orodha ya huduma ambazo bima inalipia. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa kuua wanawake kuliko saratani nyingine hapa Tanzania, na huchukua miaka mingi kukomaa. Kipimo chake chepesi: nesi anapaka siki kwenye mlango wa kizazi, anasubiri dakika moja, pakigeuka peupe panatiliwa shaka, na mara nyingi panatibiwa siku hiyo hiyo kwa kupagandisha kwa gesi ya baridi kali. Kwa nini sheria isitamke kwamba kila bima ilipie, hata kama mama haumwi popote?

Fundi_Tabora: Vituo vingi vya serikali vinapima bure, watu hawaendi tu. Mkiongeza mafao, michango itapanda. Mtumishi anakatwa asilimia 3 na mwajiri anaweka 3, sisi wa kujiajiri nani atatuwekea? Halafu wanawake mna kila kitu bure: kliniki bure, kujifungua bure, watoto chini ya miaka 5 bure. Mnataka nini tena?

Dada_Temeke: Kujifungua bure? Umemsindikiza nani leba wewe? Mwaka juzi nesi alikagua begi langu kwanza: glovu, wembe, pamba, uzi wa kitovu, mpira wa kulalia. Glovu zilipungua, mume wangu akatumwa duka la dawa usiku wa manane huku mimi uchungu umeshanikaba. Hiyo ndiyo bure yako.

Fundi_Tabora: Nina watoto watatu, leba naijua. Sera inasema bure. Waliokudai glovu si mimi niliyewaajiri, kawashitaki huko.

Nesi_Mufindi: Jamani manesi tusipigwe mawe. Glovu zikiisha stoo, nikimzalisha mama mikono mitupu nahatarisha yeye na mimi. Nirudi kwa MamaNuru: akina mama wengi wanafika Ocean Road, hospitali ya saratani, ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne. Huko ni mionzi, nauli na kulala Dar wiki kadhaa. Siki na pamba ni senti ngapi?

Mzee_Kyela: Na tezi dume je? Kila siku wanawake, wanawake. Sisi tunakufa kimyakimya.

Dada_Temeke: Shikamoo mzee wangu. Anzisha uzi wako tutakuja kuchangia. Ila mkiambiwa mkapime mnakimbia kidole cha daktari.

Mzee_Kyela: Marahaba. Siku hizi wanaanza na damu, usinifanye mshamba. Na adabu kidogo, naweza kukuzaa.

Fundi_Tabora: Mzee kasema kweli. Ikiwa lazima, basi iwe lazima kwa wote.

MamaNuru: Mzee, tezi dume nayo iingie, sina ugomvi. Lakini Fundi, hiyo bure ya vituoni mara nyingi inabebwa na miradi ya wafadhili. Mradi ukiisha, mtungi wa gesi ya kugandishia haujazwi, na mama anaambiwa arudi mwezi ujao. Kikiwa ndani ya kitita kisheria, kituo kinadai malipo yake na kinanunua vifaa. Shirika la Afya Duniani (WHO) linataka asilimia 70 ya wanawake wawe wamepimwa wafikapo miaka 35, na tena 45. Tutafika kwa kutegemea kampeni za wiki moja?

Fundi_Tabora: Binti yangu alichanjwa shuleni dhidi ya HPV, kirusi kinacholeta saratani hiyo, chanjo ipo nchi nzima tangu 2018. Sasa naye nimlipie kipimo?

Nesi_Mufindi: Ndiyo kaka, akifika umri wake apimwe. Chanjo haikingi aina zote za kirusi. Na mama yake ambaye hakuchanjwa, umeshampeleka?

Fundi_Tabora: Mambo ya mke wangu yaacheni.

Dada_Temeke: Ameulizwa swali la maana, anakuwa mkali. Na la glovu hujanijibu.